Aliyeitikia Bila Kuona

Siku za kukamua sumu, Kifutu hakula kitu asubuhi. Chai alikunywa, maana bila chai asingeweza hata kufunga kamba za viatu, lakini mkate ulirudi kabatini kama ulivyotoka. Tumbo lilikuwa limejaa hofu na mkate haukuwa na pa kukaa.

Kifutu halikuwa jina lake. Kwenye mlango wa ofisi yake paliandikwa Daktari, tena kwa herufi za shaba. Kifutu lilikuwa jina la mgongoni, alilopewa na wahudumu wa Nyumba ya Nyoka kwa sababu alikuwa mfupi, mnene, mwendo wake wa pole, na ukimkanyaga umekwisha. Walidhani hajui. Alilijua tangu wiki ile lilipotungwa, na kwa kuwa kifutu ni nyoka mwenye heshima zake, alilipokea kimyakimya akakaa nalo miaka yote.

Wasilolijua wahudumu lilikuwa jambo jingine. Mwanamke huyu, wa kwanza nchini kwao kusomea wanyama mpaka akayamaliza madarasa yote, wa kwanza kushika nyoka mwenye sumu mbele ya kamera za magazeti, aliwaogopa nyoka. Wala si kidogo. Aliwaogopa kwa jasho la viganja, kwa magoti kulegea, kwa usingizi unaokatikakatika. Aliwapenda pia, na hayo mawili yalikaa ndani yake kama mke na mume waliozoea kugombana.

Yalianza utotoni. Mama yake aliingiza mkono kwenye mkoba wa shule kutafuta kalamu, akatoa gamba la nyoka, refu, kavu, jembamba kama karatasi, linaloonyesha mpaka mahali pa macho. Yowe alilopiga lilikusanya mtaa mzima. Binti alichapwa, gamba likatupwa jalalani. Kesho yake alilifuata huko huko. Mikono ilimtetemeka alipoliokota, akaliokota hivyo hivyo.

Chuo kikuu, mwalimu mmoja alimtazama juu hadi chini akamwambia kwamba idara ina vipepeo wazuri sana, wasichana huwapenda. Mwaka mzima alihangaika na vipepeo, amenuna. Baadaye akapata mchumba, mtu wa adabu, aliyekuja kumtembelea na shada la maua, akaomba anawe mikono, akafungua bafu na kumkuta chatu kwenye beseni. Maua aliyaacha. Viatu navyo aliviacha mlangoni na hakuvirudia. Mdogo wake Kifutu, fundi cherehani na mtu wa utani, alivitunza viatu vile na mpaka leo anawaonyesha wageni.

Alipoajiriwa Nyumba ya Nyoka, walimpa kazi ya kuandika vibao vya majina. Wanaume wa pale walisema wazi, yeye akisikia, kwamba mkono wa mwanamke hautulii. Mmoja tu hakusema hivyo. Huyo alikuwa mhudumu aliyetengeneza mwenyewe zile fimbo za chuma zenye kulabu za kumnyanyulia nyoka, ndiyo maana wakamwita Fundi Kulabu. Siku moja alimkuta binti amesimama mbele ya kioo cha swila, kibao mkononi, rangi inamdondokea viatuni.

"Unawaogopa?" akamwuliza.

"Hapana."

"Basi rudi kwenye vibao vyako. Mimi simfundishi mtu asiyeogopa, nitakuja kumzika."

Binti akakiweka kibao chini. "Naogopa mno."

"Haya. Shika hapa, usiminye."

Kwa mkono huo uliofundishwa na Fundi Kulabu ndivyo alivyopanda cheo. Aliandika vitabu. Aliingia mabwawani na hema na kurudi na nyoka mdogo wa chini ya udongo ambaye hakuna aliyewahi kumwandika popote. Sumu aliyoikamua ilikwenda kutengeneza dawa, na dawa ikarudisha uhai kwa watu ambao hakuwahi kuwaona. Mwishowe akapewa ukuu wa Nyumba yenyewe, na wale wa mkono hautulii wakawa wa kwanza kumwamkia asubuhi.

Alipokuwa mkuu aliweka kanuni moja, na ili hadithi hii ieleweke ni lazima niieleze. Vizimba vilipangwa safu moja. Mbele vilikuwa na kioo, upande wa wageni. Nyuma vilikuwa na milango ya mbao, kwenye ujia mwembamba wa wafanyakazi. Ndani ya kila kizimba, pembeni, mlikuwa na kijumba cha nyoka kujifichia, na kijumba kilikuwa na kitundu cha kuchungulia kutoka ujiani. Kabla ya mlango kufunguliwa, nyoka lazima awe kijumbani, na kijilango chake kifungwe kwa waya unaovutwa kutoka nje. Hafungui mtu mmoja. Wa kwanza anachungulia, anavuta waya, anataja nyoka na mahali alipo, anasema, "Nimeona." Wa pili anachungulia kwa macho yake mwenyewe, naye anaitikia, "Nimeona." Neno la huyo wa pili ndilo linaloinua komeo. Na anayeitikia bila kuona anaondoka kazini siku hiyo hiyo, awe nani.

Wa kwanza kuondoka kwa kanuni hiyo alikuwa Fundi Kulabu.

Alikuwa ameliitikia neno lile miaka na miaka, na siku hiyo, kwa uchovu, likamtoka lenyewe. Mhudumu mwenzake akafungua, akaingiza mkono, na kifutu wa kweli akamwuma. Mtu alipona, vidole vyake vitatu havikupona. Fundi Kulabu alisimama ofisini, kofia kifuani, akasema, "Nilijisahau tu, Daktari." Kifutu akamtazama mtu aliyemtia kazi hii mkononi, akamjibu, "Nyoka hakujisahau." Jioni hiyo fundi alitoka getini na sanduku lake la zana begani. Kifutu alijifungia chooni akalia, akanawa uso, akaendelea na kazi. Aliamini ametenda haki. Bado aliamini hivyo, na hilo ndilo lililomnyima raha siku hizi.

Maana siku hizi macho yake yalikuwa yanakufa.

Katikati ya kila jicho palikuwa pameingia doa la kijivu. Pembeni aliona vizuri tu, hata nzi ukutani. Lakini alichokitazama moja kwa moja kilimezwa. Akitaka kumwona mtu usoni ilimbidi ageuze kichwa upande, kama kuku anayetazama punje. Daktari wa macho, aliyemchagua kwa kuwa yuko mbali na mtaa wake, alimwambia kwamba doa halitatoka, litapanuka. Alimshukuru, akashuka ngazi, akasimama kwenye kona ya barabara kuu akiogopa kuvuka, yeye aliyevuka mito yenye mamba. Kwenye kipimo cha kila mwaka kazini alikariri herufi za ubaoni wakati mtu wa mbele yake akizisoma kwa sauti, kisha akazitapika zote bila kosa. Nesi alimsifu.

Kwa nini hakusema? Alijiuliza hivyo kila alipopiga mswaki. Angesema, angetolewa, na wale wazee wangepata kicheko chao cha mwisho. Lakini huo ulikuwa ukweli nusu. Ukweli mzima ni kwamba nje ya ule ujia wenye harufu ya panya na dawa ya sakafu hakujua yeye ni nani. Nyumbani alikuwa na kitanda na redio.

Kitundu cha kuchungulia kilikuwa kidogo kuliko doa lake. Hapo hakuna kugeuza kichwa. Aliweka jicho, akaona kijivu, akasema, "Nimeona." Mara ya kwanza alitetemeka mpaka akaenda kukaa kwenye ngazi za stoo. Akala yamini kwamba hatarudia. Wiki iliyofuata alirudia. Na yule mtu wa kwanza, ambaye mkono wake uliingia kizimbani kwa neno hilo, alikuwa Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wa yule mdogo wake fundi cherehani. Nyumbani alimwita mama mkubwa, kazini Daktari, na kati ya nyumbani na kazini hakunyamaza, ndiyo asili ya jina. Alikuwa mwanamke wa pili kuingia ujiani tangu jengo lijengwe. Siku alipoanza kazi, mama yake alimsindikiza mpaka getini, kitambaa cha kupimia bado kimemning'inia shingoni.

"Dada," alimwambia Kifutu, "nimekupa huyu mmoja. Mwingine sina, na kiwanda kimeshafungwa."

Wote watatu walicheka. Lakini Kifutu alipotaka kuingia ndani aliona mdogo wake amemshika mkono wa koti na hauachii.

Tangu macho yaharibike, mkono ule haukumtoka kwenye koti. Akiwa amelala aliusikia. Akipanda ngazi aliusikia. Siku nyingine alimwita Chiriku ofisini amwambie, mlango ukafungwa, kiti kikavutwa. Akaishia kumwuliza kama amekula.

Nyoka aliyemtisha kuliko wote alikuwa koboko jike wa kizimba cha mwisho. Alikuwa mrefu kushinda mlango, na mwepesi kiasi kwamba ukifumba na kufumbua hayupo ulipomwacha. Dawa yake ilikuwepo kwenye jokofu la ofisi, lakini dawa lazima ikuwahi, na sumu ya koboko haina subira. Wahudumu wengine hawakuruhusiwa kumgusa. Ilikuwa kazi ya Kifutu na Chiriku, basi.

"Koboko wetu kapofuka," Chiriku alimwambia wiki moja kabla ya siku ya kumkamua, mdomo umejaa mkate. "Macho yameingia maziwa kabisa. Anakaribia kuvua gamba. Kanuna huyo, nikipita tu kwenye kioo anajigonga."

Ndivyo walivyo nyoka. Kabla ya kuvua gamba macho hupata ukungu, wakae siku kadhaa hawaoni vizuri, kisha gamba litoke na ukungu wake, na macho yabaki maangavu kama yameoshwa. Kifutu alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. Alimwonea nyoka wivu, mambo ya kuchekesha hayo, na hakuwa na wa kucheka naye.

"Na ataona lini tena?" akauliza.

"Siku mbili tatu yataanza kusafika. Mpaka Jumanne atakuwa mzima, tutamkamua."

Jumanne ikafika. Nyumba ilifungwa kwa wageni, kama kila siku ya kukamua. Mvua ilikuwa ikigonga mabati, na taa ya ujiani ilikuwa na lile tatizo lake la kupepesa ambalo fundi umeme alikuwa ameahidi kulimaliza tangu zamani. Walianza na wadogo. Swila wawili walikamuliwa bila matata. Kila kitundu Kifutu alichungulia, aliona kijivu, aliitikia. Kijasho chembamba kilimshuka mgongoni, kikaingia kwenye mkanda wa sketi. Chiriku alikuwa akisimulia habari za mpangaji mwenzake anayeimba akiwa anaoga, tena anaimba vibaya, tena anajua anaimba vibaya. Simulizi ikawapeleka mpaka mlango wa mwisho, hapo akanyamaza. Hata Chiriku alinyamaza mbele ya koboko.

Akainama kwenye kitundu cha kijumba. Akakaa hapo kitambo. Akavuta waya, kijilango kikashuka, tap.

"Koboko," akasema. "Kijumbani. Nimeona."

Akajisogeza pembeni, mkono wake wa kulia ukaenda kwenye komeo na kulishika. Kifutu akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Zilikuwa za baridi. Akaweka jicho kwenye kitundu na kijivu kikaja, kile kile, kimejaa tele, hakina nyoka wala ukuta. Akajiambia, sema sasa. Sema huoni. Akafungua mdomo.

"Nimeona," akaitikia.

Na hapo akaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa nyepesi, ya mazoea, sauti ya mtu anayeitikia salamu dirishani. Alikuwa ameisikia sauti hiyo hiyo mara moja tu, ujiani humu humu, ikitoka kwa Fundi Kulabu, kabla ya ukelele. Komeo likalia, limeanza kupanda. Hakufikiri tena habari za jina wala ofisi wala herufi za shaba. Aliurukia mkono wa Chiriku akaubana kwenye mbao kwa nguvu zake zote.

"Usifungue! Sijaona! Sioni, Chiriku, sioni kitu!"

Komeo likadondoka mahali pake. Mvua iligonga mabati. Chiriku alimtazama, na uso wake, kwa jinsi Kifutu alivyouona kwa pembeni, haukushangaa. Hilo lilimwogopesha kuliko chochote.

"Najua, mama mkubwa," Chiriku akasema polepole.

"Unajua nini?"

"Macho. Nimejua tangu ile siku ulipomimina chai nje ya kikombe ukaendelea kumimina. Sikutaka kukuaibisha. Kila mara naangalia mara mbili, yangu na yako. Usiogope, yumo. Nimemwona mimi."

Kifutu akajishika ukutani. Kumbe kwa miezi yote hiyo nyuma ya Chiriku hapakuwa na mtu, na Chiriku alijua, na bado aliingiza mkono. Kwa mapenzi. Alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja.

"Umeona nini hasa?" akauliza, sauti imekauka.

"Nyoka."

"Sikuulizi jina. Umeona nini?"

"Mwili, mama mkubwa. Kajikunja pale pembeni, mkia umekuja mbele."

"Kichwa umekiona?"

Chiriku akakitazama kitundu.

"Anapumua? Umeona ubavu unapanda?"

"Giza mle, na hii taa..." Chiriku hakumaliza. Akatoa tochi mfukoni, akainama tena kwenye kitundu. Kifutu hakuuachia mkono wake. Kwa vidole alihisi mshipa wa binti ukienda kasi, kisha ukaenda kasi zaidi.

"Haupandi," Chiriku akanong'ona. "Mama mkubwa, haupandi. Unapitisha mwanga." Akajitoa kwenye kitundu kana kwamba kimemchoma. "Ni gamba. Kavua gamba akaliacha mle. Ni gamba tupu."

Wala hakuna aliyeuliza nyoka mwenyewe yuko wapi. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, macho kwenye uwazi wa chini ya mlango, wakatoka ujiani, wakaufunga mlango mkubwa na kuuegemea. Kisha wakazunguka upande wa wageni. Ukumbi ulikuwa mtupu, viatu vyao vililia kwenye sakafu.

Mbele ya kioo cha mwisho Kifutu aligeuza kichwa upande. Na kwa ukingo wa jicho, pale alipobakiza macho yake, alimwona. Alimwona vizuri kuliko Chiriku, kabla ya Chiriku. Koboko alikuwa amelala kwenye boriti juu kabisa ya mlango wa nyuma, mahali ambapo hakuna kitundu kinachofika, mwili mzima umenyooka, unang'aa kwa upya wa gamba. Kichwa kilikuwa kimening'inia kidogo, kimeelekea chini, sawasawa na mahali ambapo shingo ya mtu huja anapoinama kuingia. Macho yalikuwa safi.

Chiriku alikaa sakafuni. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtoka tu, na alikuwa akiishika shingo yake kwa nyuma, akiisugua kana kwamba kuna kitu kimeigusa. Kifutu akakaa kando yake, kwa shida, maana magoti hayakuwa ya kukalia sakafu. Kwa mara ya kwanza maishani alitetemeka mbele ya mtu wa kazini na hakujificha.

"Kanuni inasemaje?" akauliza baadaye.

"Mama mkubwa, achana na kanuni."

"Inasemaje?"

Chiriku akajipangusa pua kwa mkono wa koti. Alipojibu hakusema mama mkubwa. "Anayeitikia bila kuona anaondoka siku hiyo hiyo, Daktari. Awe nani."

"Basi."

"Na mimi je? Mimi niliona gamba nikasema nyoka."

"Wewe uliangalia. Ulikosea kwa sababu ulikuwa peke yako, na aliyekuacha peke yako ni mimi. Mpaka apatikane mtu mwenye macho, mlango ule usiufungue, hata nikirudi hapa nikakupigia magoti."

Mkurugenzi wa shirika lililomiliki Nyumba ya Nyoka, kijana wa tai nzuri, alimsikiliza Kifutu mpaka mwisho, akasimama, akafunga dirisha kama vile mvua ndiyo itakayomwaga mtama.

"Nani anajua? Ninyi wawili tu," akasema. "Na hakuna aliyeumwa. Daktari, jengo jipya tunalipa jina lako, wageni wamealikwa. Tulifunike mpaka sherehe ipite, halafu utastaafu kwa heshima zako. Nani atakulaumu?"

"Fundi Kulabu," akajibu.

"Ndiye nani huyo?"

Mkurugenzi alikuja baada ya mambo hayo, kutojua hakukuwa kosa lake. Kifutu aliweka funguo zake mezani, akaenda ofisini, akachukua mwavuli. Ile fimbo yake ya kulabu, aliyotengenezewa na fundi alipokuwa bado binti wa vibao, aliichukua pia.

Mahali alipokuwa anakwenda alipajua. Alipajua miaka yote na hakuwahi kupita. Fundi Kulabu alikuwa akitengeneza makufuli na vitasa kwenye kichochoro cha nyuma ya soko, chumba kimoja cha kazi, kimoja cha kulala. Kifutu alitembea akiwa ameshika ukuta kwa mkono, anayahesabu mabomba ya maji ya mvua kwa kuyagusa. Watu walimpisha. Hofu aliyokuwa nayo haikufanana na ya asubuhi. Nyoka hakukumbuki. Nyoka hakukuona ukilia wala ukisifiwa, hajui ulimfanya nini. Binadamu anajua, na huyu alikuwa amekaa na kujua kwake peke yake, uzee ukimkuta humo humo.

Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani tupa ilikuwa ikisugua chuma. Alisimama mvuani, mwavuli umeelekea upande usiofaa, na mara mbili aligeuka aondoke. Akapiga moyo konde, akabisha kwa kichwa cha fimbo. Tupa ikanyamaza.

"Nani?"

Sauti ilikuwa imezeeka, lakini ndiyo ile ile. Akataka kusema Daktari. Akataka kusema jina lake.

"Kifutu," akasema.

Maji yalikuwa yakimwingia viatuni.

"Unataka nini hapa?"

"Niliitikia bila kuona, fundi." Akausogelea mlango. "Mtoto wa mdogo wangu alikuwa ameshika komeo. Koboko alikuwa juu ya mlango."

"Amekufa?"

"Mzima. Nilimzuia. Lakini neno lilikuwa limeshanitoka, na halikuwa la kwanza. Macho yangu yamekwisha, nimekuwa nikiitikia hivyo miezi. Wewe ulikosea mara moja nikakufukuza. Nimekuja kukuambia hivyo. Sina lingine."

Alisikia kiti kikisukumwa, kisha miguu inayoburura, kisha hakusikia kitu. Alijua mzee yuko pale, upande wa pili wa mbao, mkono mmoja tu kutoka kwake, na hakujua amesimama na nini usoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya mlango wowote. Akangoja.

Komeo likainuliwa. Mlango ukafunguka, na mahali pa uso wa fundi palikuwa na doa la kijivu. Kifutu akageuza kichwa upande, taratibu, amtafute kwa ukingo wa jicho. Mzee alikuwa amemkazia macho, hapepesi, kama alivyomfundisha zamani kutazama kabla ya kugusa. Aliitazama fimbo. Aliyatazama yale macho yaliyogeukia pembeni, akayatazama tena.

"Nimeona," akasema. "Ingia, utalowa."